Nafasi ya Lea kwenye Kona ya Skrini

Kamera za Rafaeli zilikuwa zimekula chumvi nyingi. Zilipiga harusi za Chumbageni enzi zile watu wakijazana sebuleni kutazama mkanda, wakimshangilia kila anayejiona. Simu zilipokuja zikaishia kabatini, na mwenyewe akabaki fundi wa kamera za ulinzi. Na nani ajaze watu sebuleni kutazama geti?

Duka moja la Raskazone lilipobadilisha mitambo, likampa kompyuta yake kuukuu. Ndani mlikuwa na kadi inayopokea waya za kamera za ulinzi na kuonyesha picha zote kwa pamoja. Akachomeka kamera moja ya harusi kwa majaribio. Picha ikatokea, ina chenga, rangi zimepauka, lakini ipo. Rafaeli alifurahi kama aliyekutana na rafiki wa shule.

Furaha yenyewe ilikuwa kwa ajili ya Lea, mkewe. Tangu kiharusi kimlaze nyumbani kwao Mabawa, hakukanyaga tena kanisani, naye aliimba sauti ya pili tangu usichana. Walijuana huko huko kwayani. Rafaeli aliitwa kurekodi mkanda, na ulipotazamwa ukakutwa umejaa uso wa binti mmoja. Walimcheka mpaka siku ya posa. Sasa Lea alisema wenzake lazima wameshamsahau. Neno hilo lilimkaa Rafaeli rohoni, akaamua kumrushia ibada ya mavuno mubashara, aitazame kwenye simu ya binti yao, Precious.

Vijana wa usharika walizicheka zile kamera. Yeye akazitega, akaketi nyuma ya nguzo na kompyuta yake. Kwaya iliposimama, akaliona kosa lake. Kamera ya pembeni alikuwa ameielekeza kwa mazoea pale alipokuwa akisimama Lea, na kwenye kona ya skrini palionekana ukuta mtupu, akina mama wamesimama upande huu na huu, katikati wameacha nafasi ya mtu mmoja. Tena alikuwa amesahau kuchagua picha moja, kwa hiyo kadi ilikuwa ikirusha zote. Aliona amemtonesha mgonjwa kidonda. Akashika kipanya aiondoe.

Simu yake ikaita; Lea alikuwa akipiga kwa simu yake mwenyewe ndogo.

“Baba Precious,” Lea alisema, maneno yakimtoka polepole, “usiiondoe hiyo ya pembeni. Hawajapaziba mahali pangu.”

Rafaeli akaichagua hiyo hiyo, ikajaa skrini nzima. Sikioni mwake sauti ya pili ikaanza, inakwamakwama, iko nyuma ya wenzake kwa kuwa picha nayo ilichelewa kufika Mabawa. Hakuikata simu mpaka Lea alipomaliza wimbo.