Vifaranga Katika Chumba cha Betri

Niliwahi kulinda mnara wa simu nje kidogo ya mji wa Njombe. Chini yake kulikuwa na chumba cha betri, na ukutani kontrola, kisanduku chenye kioo na vitufe kilichosimamia umeme wote wa pale. Fundi kijana aliyekuwa akija kutoka Makambako alinifundisha: "Mzee, hiki kinapima joto kwa kijiwaya hiki kilichobandikwa kwenye betri. Zikipata joto, kinapunguza chaji. Zikipoa, kinaongeza."

Nilimwelewa vizuri. Ndiyo maana sina kisingizio.

Baridi ya Juni ilipoanza kuniulia vifaranga, niliwahamishia kwenye boksi nyuma ya kabati la betri, pamoja na jiko la mkaa. Asubuhi kontrola ikapiga alamu: joto kali. Nikakumbuka somo. Nikabandua kijiwaya, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kisima. Alamu ikanyamaza. Kwa hesabu ya kontrola, betri zilikuwa zimehamia kwenye baridi kali ya Kitulo. Ikazichaji kwa bidii, na baada ya siku chache zikavimba kama maandazi.

Bosi alikuja na fundi. Jiko nilikuwa nimelificha na kijiwaya nimekirudisha. Vifaranga sikuwahi kuwatoa.

"Nani alipanga chaji hii?" bosi aliuliza.

"Mimi," fundi akajibu, "na niliipanga sawasawa. Muulize mzee. Ni mtu wa kanisani, hasemi uongo."

Bosi akanigeukia. "Kuna aliyegusa kitu humu?"

"Hapana, bosi."

Hapo hapo nyuma ya kabati pakalia: pii, pii, pii.

Bosi akabonyeza kitufe cha kuzima alamu. Pii, pii. Akabonyeza kwa kidole gumba. Akabonyeza kwa kalamu. Vifaranga, ambao walikuwa na njaa, wakazidisha.

"Hata alamu haizimiki! Kijana, umeua betri, umeua na kontrola. Kesho kabidhi funguo ofisini."

Fundi akaanza kukusanya vifaa vyake. Asubuhi ile ile, mlangoni, nilikuwa nimempa pongezi: mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza.

"Bosi," nikasema, "hao hawana kitufe. Ni wangu."

Nikavuta boksi lao, nikaungama na habari ya jiko la mkaa. Bosi akawatazama vifaranga, kisha akafungua kumbukumbu za kontrola, akasoma kwa sauti: nyuzi thelathini na nane, dakika chache baadaye, nyuzi tisa.

"Mzee," fundi akanong'ona, "betri zikichajiwa kupita kiasi zinatoa gesi inayolipuka. Na wewe ukaweka mkaa! Ungeruka pamoja na mnara."

Yeye alibaki kazini. Mimi niliondoka na boksi langu, na ilikuwa haki.

Vifaranga walipokua nilimpelekea fundi jogoo Makambako. Alimpokea kwa mikono miwili, akanikaribisha chai. Tulipomaliza akasema, bila hasira, "Mzee, siku ile sikuwa na shahidi mwingine."

Jogoo akawika.