Baba Hataki Maziwa ya Mkono Wangu

Mwenye ukurasa, nifichie jina, huku kwetu Ipagala tunajuana wote.

Mimi ni mwanaume, umri wangu unakaribia thelathini, Mgogo, mtoto wa kwanza kwa baba yangu. Nilitoka hapa na wajenzi wa reli ya Wadachi, hawa Wajerumani, tukaenda nayo hadi ziwani Tanganyika, na huko nikapata kazi kwenye meli. Kazi yenyewe ni kuzibua mabomba ya vyoo na ya mabeseni ya kunawia. Wazungu wale wanatupa kila kitu chooni, nywele, matambara, mifupa ya kuku! Unafunga kwanza bomba upande wa ziwani, maji yasije yakaingia melini, kisha unapitisha waya. Waya ukishindwa, unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Niliitwa nyumbani baba akiwa mgonjwa. Jioni ile ndugu walikuja kunilaki, pombe ikanywewa, nami mdomo wangu huu nikawasimulia yote, hata habari ya mkono. Walicheka hadi machozi. Baba peke yake hakucheka.

Asubuhi mama alinipakulia ugali wangu pembeni.

"Mama, mbona leo sili na wenzangu?"

"Kula tu mwanangu, usiniulize."

Nikasema basi, niende zizini nikakamue. Baba akaniita kutoka kitandani. "Acha ng'ombe wangu. Mkono uliochokora choo cha Wadachi hauingii kwenye maziwa yangu."

"Baba, nanawa kwa sabuni."

"Sabuni ya nani? Si ya hao hao?"

Jamani, iliniuma! Sisi mavi ya ng'ombe tunayashika kila siku, tunakandikia nyumba zetu za tembe, hakuna anayeona kinyaa. Nilipomwambia hivyo akajibu, "Ng'ombe ni wangu. Wale ni nani kwako?"

Sasa hali yake imekuwa mbaya, hawezi hata kuinua mkono. Jana mama alikwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, nikabaki naye peke yangu. Akaomba maziwa. Nilinawa, nikanawa tena kwa majivu, nikamshika kichwa na kumwekea kibuyu mdomoni. Akautazama mkono wangu, akafumba mdomo. Maziwa yakamwagikia kifuani. Alikaa na kiu yake mpaka mama akarudi, mimi nimekaa pale pale nalia kama mtoto. Baba yangu huyu, aliyenifundisha kukamua kwa mikono yake mwenyewe!

Ndugu zangu, msinitukane, nina uchungu. Ndugu wamerudi makwao, majirani wako mashambani, na kesho mama lazima aende tena mtoni, maana hata maji niliyochota mimi baba hayataki. Nitabaki na baba, na najua ataomba. Nimnyweshe kwa nguvu, au nimwache na kiu mbele ya macho yangu? Nishaurini, nifanye nini?