Grafu Kumi na Nane na Kiti cha Mzee Januarius

Esteria Nyanda ana udhaifu mmoja ambao wengine huuita wema: hawezi kumnyima mtu kitu huku anamtazama usoni. Kwao Sola, kule Maswa, mama yake alimtania tangu utotoni kwamba akipewa kazi ya kugawa kuku, yeye atabaki na mchuzi. Alikwenda kusomea kompyuta Dodoma, akarudi, akaajiriwa na kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Bariadi, na udhaifu wake akaja nao kama ulivyo.

Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa kuandika programu ya kompyuta ya chumba cha kusimamia mitambo, kilicho ghorofani, chenye dirisha la kutazama mashine chini. Kiwanda kina mashine kumi na nane za kutenganisha nyuzi na mbegu, na kila moja ilifungwa kipimo cha joto na cha umeme. Programu ilitakiwa kuvionyesha vipimo hivyo kwa grafu, papo kwa papo, ili aliyekaa chumbani ajue mashine ipi inapata moto kabla haijaiwasha pamba. Moto wa pamba usiombe kuuona. Hutambaa ndani kwa ndani, na ukija kutoa moshi tayari umekula nusu ya robota.

Esteria alipanga kioo cha kompyuta kionyeshe grafu nne tu, za mashine zenye joto kubwa kwa wakati huo. Mpango mzuri, ila hakuwauliza wasimamizi wa mashine. Hao ni Wasukuma waliokulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, na kila mmoja ameipa mashine yake jina la ng'ombe wa kwao. Ya Luhaga inaitwa Ngosha, yaani dume. Ya Mboje inaitwa Mabala, kwa sababu ya madoa ya kutu ubavuni. Waliposikia habari ya grafu nne, wakaja mlangoni kundi zima.

"Dada Esteria," alisema Luhaga, "Ngosha wangu unamficha kwa nini? Ana homa ya mapafu?"

"Wangu naye simwoni," alidakia Mboje. "Na mstari wake uanzie asubuhi. Nitajuaje kama amechoka wakati sijaona alivyotoka zizini?"

Wakacheka wote, naye akacheka, akawapa kila walichoomba. Grafu kumi na nane kwenye kioo kimoja, kila moja na mstari wake tangu mashine zilipowashwa asubuhi. Walifurahi kama watu waliotoka kupokea mahari.

Msimu ukafunguliwa, malori yakaanza kumiminika kutoka Lagangabilili na kwingineko. Asubuhi programu ilikuwa nyepesi. Kufikia mchana ilitembea kama mtu aliyeshiba makande, mpaka grafu zikawa zinaonyesha mambo yaliyotokea karibu dakika nzima iliyopita. Siku moja mkanda wa Ngosha ulinuka kuungua, Luhaga akaizima mashine kwa mkono wake, ndipo baadaye kidogo grafu ikapanda kwa madaha kutoa taarifa.

Aliyeumizwa na jambo hilo ni mzee Januarius. Kwa misimu mingi yeye ndiye aliyekuwa akizunguka kati ya mashine, akizigusa na kuzisikiliza, hadi goti lake la kulia likagoma. Meneja, Salvatory, ambaye si mtu mbaya, alimbakiza kazini kwa sababu ya programu ile: mzee angekaa chumbani aangalie grafu, na kitufe cha kuzimia mashine kingekuwa karibu na mkono wake. Sasa Salvatory alisema wazi mbele ya mzee na Esteria. Kama kufikia Jumamosi kioo hakisemi ukweli kwa wakati wake, itabidi kuanzia Jumatatu awekwe mtu mwenye miguu, na mzee apumzike nyumbani.

Esteria aliumia. Alijua mzee hana pa kupumzikia. Tangu mke wake afariki, nyumba ilikuwa mahali pa kulala tu, na kiwanda ndicho kilichokuwa na watu. Kesho yake aliingia chumbani akiwa hana hata uso wa kumsalimia.

"Mwangaluka, mayu," alianza mzee mwenyewe, akimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Usininunie. Goti ndilo limeharibika, si wewe."

Maneno hayo yalimchoma kuliko lawama. Kwanza aliishuku kompyuta, akaazima nyingine yenye nguvu zaidi ofisini. Mchana ukafika, ikashiba makande vilevile. Ndipo alipoacha kubahatisha, akapima programu yake inapotumia muda. Kupokea vipimo hakukuchukua chochote. Muda karibu wote uliishia kwenye kuchora.

Akaangalia vizuri, akajishika kichwa. Kila kipimo kimoja kilipoingia, kutoka mashine yoyote ile, programu ilifuta grafu zote kumi na nane na kuzichora upya, kuanzia asubuhi. Ni kama mtu aliye kwenye kikao ambaye kila akiingia mgeni mmoja, yeye huinuka kuwapa mkono upya wote waliokwisha kukaa. Tena kwa kila mashine alikuwa akichora nukta maelfu kwa maelfu kwenye kijigrafu ambacho upana wake haukutosha hata nukta mia tatu.

Akaigawa kazi. Sehemu moja ya programu ikawa inapokea vipimo na kuvihifadhi tu, bila kumsubiri mchoraji. Nyingine ikachora grafu zote kwa mkupuo, mara chache kwa sekunde, kiasi ambacho jicho la mtu linatosheka. Na nukta nyingi za karibukaribu akazijumlisha, akachukua wastani wake, zikawa nukta moja. Mchana ule kioo kilikimbia kama asubuhi. Mzee Januarius alipiga kofi paja, Esteria akatabasamu mpaka mashavu yakamchoka.

Tabasamu halikudumu. Jicho lake lilitua kwenye grafu ya Ngosha, akaona mstari umelala, laini, mpole. Ngosha mpole? Mashine ambayo Luhaga hujisifia kila siku kwamba hurusha mateke pamba yenye unyevu ikiingia? Akafungua vipimo vyenyewe, akayaona mateke yote yapo, yameyeyushwa na wastani wake. Grafu ilikuwa ya haraka, na ilikuwa inadanganya. Cheche moja ya sekunde mbili ingepita pale bila mtu kuiona.

Ijumaa nzima aliandika upya. Safari hii, kwa kila kipande cha muda, programu iliacha wastani ikachukua vipimo viwili, cha juu kabisa na cha chini kabisa, ikavichora vyote. Ngosha akarudi kurusha mateke. Esteria akamwita Luhaga aje kuthibitisha, naye akasimama mbele ya kioo kifua mbele.

"Eeh, huyu sasa ndiye," alisema. "Yule wa jana sikumtambua."

Jumamosi mchana Salvatory aliingia chumbani, mikono nyuma, akasimama pembeni ya kiti cha mzee. Mashine zote zilikuwa zinanguruma, na mistari kumi na minane ilikwenda pamoja bila kusuasua. Esteria alikuwa ameegemea ukuta. Kati ya pamba ya lori moja palikuwa na jiwe, na jiwe likamfikia Mabala. Mstari wake ukaruka juu mara moja. Kabla Salvatory hajauliza kitu, mkono wa mzee ulikuwa umekwisha bonyeza kitufe. Kule chini Mabala alinyamaza, na Mboje akageuka kutazama juu dirishani, mikono kichwani, maana naye ndiyo kwanza alikuwa amesikia mlio. Wakalitoa jiwe. Pamba iliyolizunguka ilikuwa imebabuka kidogo tu, rangi ya chai.

Esteria alilia palepale, bila kujificha, na hakuona haya.

Salvatory alisafisha koo. "Mzee Januarius."

Mzee alikuwa amekwisha kuinamia kioo tena.

"Mzee, kuhusu Jumatatu..."

Januarius aliinua kiganja kumzuia, macho yakiwa kwenye kioo, maana Mboje alikuwa anamwasha tena Mabala na mstari ulikuwa ndiyo unaanza kupanda. Meneja akavuta stuli, akakaa kumsubiri mzee amalize kazi.