Bakuli la Bi Tatu

Bakuli lenyewe liko jikoni kwetu Voi, juu ya kabati, na mwenye shaka na aje alishike kwa mkono wake. Nasema hivi mapema kwa sababu nimeshachoka kuchekwa. Kaka yangu hudai tulikuwa na njaa tu, na mwenye njaa huona mengi. Sawa, njaa tulikuwa nayo. Lakini je, njaa inampa mtu bakuli la bati akavuka nalo mpaka wa nchi mbili? Yaliyotukuta Unguja niliyaona kwa macho haya, na mke wangu Wakesho yuko hai leo kwa sababu ya hayo. Wenzangu husimulia visa vya namna hii kwa kutetemeka. Mimi nasimulia kwa kushukuru.

Tulikuwa wanafunzi wa chuo cha ualimu, tumeoana mwaka ule ule, na fungate hatukuwahi kwenda. Chuo kilipofunga tukasema twende Unguja siku chache, tutembee na tule. Hasa tule. Wakesho alikuwa ameota urojo na mkate wa kumimina muhula mzima. Mwalimu anafundisha saikolojia ya mtoto, mwenzangu anatazama picha za pweza kwenye simu. Tukapanda basi hadi Dar es Salaam, mpakani tukagongewa mihuri kama watu wakubwa, tukavuka kwa boti.

Sasa niambie, ni watu gani wanaokwenda Unguja kula bila kuuliza habari za mwezi? Tuliteremka bandarini jioni ile ile mwezi wa Ramadhani ulipoandama. Sisi ni Wakristo. Majirani zetu wengi ni Waislamu, tunaishi nao vizuri, ila vichwani mwetu Ramadhani ilikuwa bado mbali. Kesho yake mchana Mji Mkongwe ulikuwa kimya, migahawa imefungwa, na sisi tunazunguka vichochoroni tukisoma vibao vya vyakula ambavyo hakuna anayevipika.

Tulikuwa tumefikia Kiponda, katika nyumba ya wageni ya mama mmoja mtu mzima aitwaye Bi Zuhura, mjane mwenye maneno mengi na roho nyeupe. Tulipomweleza shida yetu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Wanangu, mmekuja kula mwezi wa kufunga? Hata kuuliza hamkuuliza?"

Alipomaliza kucheka akatuambia chai ya asubuhi ataileta chumbani, na magharibi tutafuturu naye. "Msije mkanunua kitu njiani," akasema. "Futari kwangu."

Kuna jambo moja lazima ulijue ndipo unielewe. Wakesho ana ugonjwa wa sukari tangu utotoni, ule wa kujidunga sindano. Hujidunga kabla ya mlo, halafu ni lazima ale. Akichelewa, sukari humshuka, na ikishuka sana anaweza kuzimia asiamke. Ndiyo maana hatoki bila mfuko wa peremende. Lakini siku ya pili tulipokwenda Mtoni kuona magofu ya jumba la kifalme, peremende aliziacha chumbani kwa makusudi. "Siwezi kutafuna mbele ya watu waliofunga," aliniambia. "Na tutarudi mapema." Huyo ndiye mke wangu, anaogopa kumuudhi mtu asiyemjua kuliko anavyoogopa kuzimia.

Mapema hatukurudi. Mtoni kuna kuta nzuri na upepo mzuri, na tulikuwa na mapenzi mapya, basi tukakawia. Tuliposhuka Darajani jua lilikuwa linazama na soko limejaa watu wanaogombania muhogo na tende, kila mmoja ana haraka ya kufika kwake. Tukajitosa vichochoroni. Tulipoona baraza iliyofanana na ile ya jirani yake Bi Zuhura, Wakesho akaketi, akajidunga dawa yake pale pale, maana futari ilikuwa nyuma ya kona. Nyuma ya kona kulikuwa na kona nyingine.

Adhana ikalia. Sijui kama umewahi kuwa Mji Mkongwe adhana ya magharibi inapolia mwezi wa Ramadhani. Watu wanatoweka. Dakika hii unapigana vikumbo, dakika inayofuata unasikia viatu vyako mwenyewe. Ramani ya simu ilikuwa inazunguka tu, inatuonyesha tuko baharini. Nikamgeukia Wakesho kumtania, nikamwona anatiririka jasho. Akacheka bila sababu. Akaniita kwa jina la baba yake. Dalili hizo nazijua, na kinachofuata nakijua.

Nilimkalisha kwenye kizingiti nikaenda kubisha mlango uliokuwa karibu. Hodi. Kimya, pengine wenyewe walikuwa msikitini. Nikabisha wa pili kwa ngumi. Hodi, jamani. Ndani nikasikia vyombo, nikasikia mtu anamwambia mwenziwe angoje amalize. Nami sina cha kungoja. Kichwa cha Wakesho kilikuwa kimeshalala begani kwake.

Ndipo mlango wa nyuma yangu, ule ambao nilikuwa nimemwegemeza Wakesho, ukafunguka.

"Mlete ndani," sauti ikasema. "Usisimame hapo, baba, mlete."

Alikuwa bibi mwembamba, kanga mbili, macho makavu. Na usinicheke, mimi ni mtu wa karibu na pwani, nimelelewa na hadithi za wanawake wenye kwato. Hata katika hofu ile nilimtazama miguu. Ilikuwa miguu ya mtu, ina hina. Nikambeba mke wangu nikaingia.

Ndani kulikuwa na kandili moja, mkeka, na sinia lililofunikwa kawa. Bibi hakuniuliza jina wala tunakotoka. Alimshika Wakesho kidevu, akamtazama.

"Imemshuka. Salma wangu hufanya hivi hivi. Bado anameza, tumshukuru Mungu."

Akampa sharubati ya ukwaju, tamu kama asali, kidogo kidogo, anamfuta mdomo kwa ncha ya kanga. Kisha tende, anaitoa kokwa kwanza. Mimi nilipiga magoti pembeni nikalia, sioni haya kusema. Baada ya kitambo Wakesho akafumbua macho sawasawa, akaniita kwa jina langu, na sijawahi kulisikia jina langu likiwa zuri vile. Ndipo nikakumbuka adabu nilizofunzwa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Kuleni sasa."

Akafunua kawa. Uji wa pilipili manga, muhogo, na ndizi za nazi zinazonukia iliki. Tulikula. Niamini, urojo tuliousafiria tuliupata siku za mbele na ulikuwa mtamu, lakini haufiki popote kwa ndizi zile. Yeye akakaa anatutazama tu.

"Na wewe, Bi, hufuturu?"

"Mie nshafuturu," akasema. Wakati huo sikushangaa. Baadaye nilikumbuka kwamba sinia tulilikuta limefunikwa na hakuna kilichoguswa. Nikakumbuka pia kwamba tangu tuingie sikusikia sauti moja kutoka nje, na nyumba za pale zimebanana hata jirani akikohoa unamsikia. Wakesho yeye alikumbuka mikono ya yule bibi. Anasema ilikuwa baridi kama mtungi, na ilinukia iliki.

Wakesho alipoweza kusimama, bibi akajaza ndizi katika bakuli jeupe la bati lenye maua mekundu, rangi imebanduka ukingoni.

"Mpelekeeni Zuhura," akasema. "Mwambieni zinatoka kwa Salma. Mkitoka shikeni kulia, hamtapotea."

Tukashika kulia, na kweli, kona ya kwanza tu tukaiona taa ya nyumba ya wageni. Tuko mlangoni ndipo Wakesho akanishika mkono. "Jina la Bi Zuhura," akaninong'oneza, "tulimtajia sisi?"

Hatukumtajia.

Bi Zuhura alikuwa ametutandikia futari, amekaa anatungoja na tende yake mkononi. Akaanza kutugombeza kwa kuchelewa. Kisha akaliona bakuli, akaiweka tende chini.

"Kakupeni nani hilo?"

Tukamweleza. Tulipofika kwenye jina la Salma aliinuka, akaenda kwenye kabati la vyombo, akapekua nyuma kabisa, akarudi na bakuli jingine. Jeupe, la bati, maua mekundu. Akayaweka mezani pamoja, na mtoto mdogo angekuambia yametoka duka moja.

"Yule ni Bi Tatu," akasema. "Kafa zamani. Nyumba ile haina mtu."

Alitusimulia polepole. Bi Tatu alikuwa jirani yake, na walipelekeana futari kila Ramadhani, kama majirani wote wa pale. Bakuli likija lina muhogo, linarudi lina kaimati. La mwenzio humrudishii tupu, ni aibu. Siku moja, adhana inakaribia, Bi Tatu akamtuma bintiye Salma alete ndizi za nazi. Salma alikuwa na sukari, kama Wakesho, na siku hiyo alikuwa amejilazimisha kufunga kimyakimya.

"Nlimfungulia mlango nkamuona anatoka jasho," Bi Zuhura alisema. "Nkasema swaumu imemkaba. Nkapokea bakuli, nkafunga mlango, maana mafuta yangu yalikuwa jikoni yanaungua. Mtoto hakufika kwao. Watu wanatoka msikitini ndo wanamkuta kwenye baraza."

Mazishi alikwenda, akalia na wenziwe. Lakini bakuli, lile la kabatini, likabaki kwake.

"Kila siku nkisema kesho ntalirudisha. Nkalishika, nkatafuta cha kutia ndani yake. Unatia nini, mwanangu, katika bakuli la mtu ambaye mwanawe kafa katoka mlangoni kwako? Sikukipata. Mpaka na yeye akafa."

Wakesho ndiye aliyechukua sahani, akampakulia zile ndizi, akamwekea mbele. Bi Zuhura alikuwa hajala ndizi za nazi miaka yote hiyo. Akasema Bismillahi, akala, machozi yanadondokea sahanini, akala mpaka akamaliza.

Kesho yake alasiri tulikwenda sote watatu. Kwa mwanga wa jua nyumba nikaijua kwa kizingiti chake. Mlango ulikuwa na kufuli lililooza kwa kutu, na kwenye ufa wake ukichungulia unaona mbingu. Paa lilikuwa chini na mpapai umeota pale tulipokaa mkekani. Wakesho hakuogopa hata kidogo. Alikuwa amebeba bakuli tulilopewa, amelijaza peremende zake, zile zile alizoziacha chumbani. Bi Zuhura alikuwa na la kwake, ndani yake ndizi za nazi alizopika tangu mchana.

Akayaweka kizingitini, moja kando ya jingine. "Bi Tatu," akasema, "nimechelewa. Nisamehe." Hakusema zaidi, tukarudi kufuturu.

Baada ya sala tulikwenda kutazama. Bakuli la Bi Zuhura halikuwapo. Unaweza kusema watoto wamelichukua, na hata mimi nilisema hivyo. Lakini la Wakesho lilikuwapo pale pale, peremende hakuna hata moja, na ndani yake kuna tende. Zimetolewa kokwa.

Bi Zuhura alizitazama akatabasamu, mara ya kwanza tangu usiku ule. "Lako hilo," akamwambia Wakesho. "Langu kalipokea. Lako kakurudishia, basi mshakuwa majirani."

Tumerudi Voi, tumemaliza chuo, tunafundisha. Bi Zuhura hutupigia simu. Siku hizi magharibi ya Ramadhani mlango wake hukaa wazi mpaka watu warudi msikitini, na anayepita anaitwa. Nasi hapa kwetu mwezi ukiandama Wakesho huteremsha bakuli kutoka juu ya kabati, hupika ndizi za nazi, na hulipeleka kwa jirani. Kila mwaka jirani tofauti, na kila mwaka linarudi lina kitu. Wakesho mwenyewe yuko jikoni ninapoandika haya, anaimba vibaya kama kawaida yake, nami namshukuru Mungu kwa kila noti anayoikosea.

Nimekusimulia ili unisikilize kwa hili moja. Siku utakayosikia hodi nawe una tonge mkononi, usimwambie mtu angoje umalize. Weka tonge chini, ufungue, umtazame usoni vizuri anayekupa bakuli kabla hujafunga mlango. Chakula chako hakitapoa kwa muda huo. Na kama kitapoa, ukile hivyo hivyo.