Mti wa Kutazama Tu

Kwetu, ng'ambo ya Mogogosiek, majani chai yalifika mpaka mlango wa jikoni. Baba alikuwa amepanda hata pale tulipoanika nguo. Miaka ile ya tisini, kitu kisichochumwa wala kukamuliwa hakikuwa na kwao katika boma letu.

Mama alikuwa akipalilia bustani ya meneja wa shamba kubwa. Siku moja akarudi na mche wa saiprasi, ile ya matawi yanayoning'inia mpaka chini, akaupanda kando ya mlango.

"Unazaa?" baba akauliza.

"Hapana."

"Ni wa kuni?"

"Ni wa kutazama tu."

Ala! Baba alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nilimchukia siku hiyo, nasema wazi, maana sikuwa nimewahi kumwona mama akitaka kitu chake mwenyewe.

Majirani walipita wakitupa pole, eti mti wetu unaumwa. Baba, kwa huruma zake, akaufunga kwenye kijiti usimame kama miti yenye adabu. Mama akafungua. Baba akafunga tena.

Kisha ukafika mwaka wa kukata chai ili ichipuke upya. Mkulima wa chai akiona kitu kimewazidi wenzake kimo, mkono unamwasha. Baba alikata safu baada ya safu, akafika mlangoni, akaukata na ule mti, usawa wa goti.

"Nimekusaidia," akamwambia mama. "Sasa utachipuka upanuke."

Saiprasi si chai. Ulikauka.

Mama hakugomba. Alimtengea baba kisufuria chake, akawa anampikia strungi. Chai bila maziwa, katika boma lenye ng'ombe! Wageni wakija, wao maziwa, yeye strungi. Baba akanuna wee, mwishowe akaenda mwenyewe kwa meneja, kofia mkononi, akaomba mche. Akaupanda, akanawa, akaketi kungoja maziwa.

"Wangu ulikuwa umeinama," mama akasema, akimimina strungi. "Huo wako umesimama kama mlingoti. Ukiinama, tutaongea."

Subira huvuta heri, lakini nenda ukamwambie hivyo mtu anayekunywa strungi. Asubuhi moja nilimwona baba kupitia dirishani, amechuchumaa kando ya mlango, anafunga jiwe kwa kamba ya mkonge kwenye ncha ya ule mti. Nikamwita mama. Alitazama, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaenda kumimina maziwa kwenye kile kisufuria cha baba.