Ugonjwa Ulioletwa Shambani kwa Makusudi

Edelmira Huenchul alikuwa na mdomo, bonde zima la Río Negro linajua hilo. Lakini Desemba ile mdomo haukumsaidia.

Nondo, yule kipepeo wa usiku, alikuwa amewashinda. Anataga yai juu ya peasi changa, kiwavi anatoka, anatoboa mpaka kwenye mbegu, na watu wa kufungasha matunda wanarudisha lori zima. Sumu ilipigwa mpaka shamba likanyamaza, hata ndege hawalii, lakini kiwavi wapi! Ananenepa tu. Kaka yake, Rufino, aliyerithi shamba pamoja naye, akachoka.

"Mavuno haya nayo yakitoka na funza, Mira, naing'oa mipeasi yote. Tupande majani ya ng'ombe."

Mipeasi ile aliipanda baba yao kwa mikono yake. Edelmira alikua chini yake, akaolewa chini yake, na akafiwa na mume akiwa chini yake. Kuing'oa ilikuwa sawa na kumng'oa yeye.

Ndipo akaleta kichupa. Bibi shamba wa ushirika alikuwa amemweleza: humu mna kirusi, kinamuua kiwavi huyu basi, nyuki hakimgusi, ndege hakimgusi. Kitunzwe kwenye friji, na kipulizwe jua likizama, maana jua hukiua. Edelmira akakiweka kando ya nyama ya Jumapili.

"Umewaletea viwavi mafua!" Rufino alicheka hadi akapaliwa. "Na supu je, tuwapikie?"

"Cheka, kaka. Mdharau mwiba mguu huota tende."

Akapuliza mti kwa mti, jioni baada ya jioni, huku majirani wakimchungulia ng'ambo ya mfereji na kumuuliza kama amewapima viwavi homa.

Siku zikapita. Rufino akapasua peasi moja, akamkuta kiwavi mzima wa afya.

"Mgonjwa wako huyu hapa, anatafuna kama yuko harusini!" Akaenda moja kwa moja kufunga mnyororo kwenye trekta.

Edelmira akasimama mbele ya magurudumu. "Nipe mpaka Jumapili. Dawa hii haiui papo hapo, lazima kwanza aile. Kama huwezi kungoja, anza kuning'oa mimi!"

Rufino alimjua dada yake. Akazima injini huku akilaani.

Jumapili asubuhi Edelmira aliingia shambani peke yake na kisu. Akachuma tunda lenye kitobo, akalipasua. Kitobo kilikuwa kimeishia chini ya ganda tu, na kiwavi yumo, amevimba, mweupe. Alipomgusa kwa ncha ya kisu, ngozi ikapasuka, akamwagika kama maziwa. La pili, vivyo hivyo. La tatu pia. Na kwenye jani la pembeni kidudu chekundu chenye madoa meusi kilikuwa kinajitembelea, hakina habari.

Kitu kisichoonekana kwa macho, hakina jino wala mguu, kimepita shamba zima kikamtafuta mmoja tu, wengine wote kikawaacha! "Mungu wangu," alisema, na alisema kwa kunong'ona, yeye ambaye hajawahi kunong'ona.

Akamwita kaka yake. Rufino akapasua, akapasua tena, hakuamini, akaendelea kupasua.

"Basi, kaka! Utatumalizia mavuno!"

Rufino akaketi chini, maji ya matunda yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Hiki kirusi, Mira, kimetengenezwa wapi?"

"Hakikutengenezwa. Wataalamu walikitoa kwa viwavi waliokuwa wanajifia wenyewe mashambani."

"Kwa hiyo wakati ule baba anapuliza sumu, mpaka ikammaliza mapafu... kilikuwepo?"

"Kilikuwepo, kaka."

Rufino akajifunika uso kwa kofia, akalia kwa sauti. Edelmira akaketi kando yake kwenye nyasi, wala hakumwambia anyamaze.