Albamu Yangu ya Kwanza na Kamba ya Baba

Mtu wa kwanza kuandika kuhusu albamu yangu aliipenda, na ndiye aliyeniharibia. Anaishi Dar es Salaam, ana ukurasa mtandaoni ambao sisi wachanaji wa rap wote tunaujua na wote tunajifanya hatuusomi. Aliandika kwamba katika wimbo wa tano nimeitumia kamba kama sitiari ya ukoo unaokatika mbele ya utandawazi. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa stendi ya Kahama, karanga mkononi, nikairudia mara tatu nikidhani nimekosea kusoma. Kamba ile ilikuwa ya katani. Ilikuwa nene kama kidole gumba cha mtu mzima, imelowa matope, na aliyekuwa akiitegemea huko chini alikuwa baba yangu.

Acha niieleze kazi yenyewe, maana katika wote walioandika hakuna aliyeuliza. Duara ni shimo la wachimbaji wa dhahabu linalokwenda chini moja kwa moja, upana wake mtu na mabega yake. Kuta zinazuiwa na magogo tunayoyaita matimba. Wachimbaji wanashuka, na juu anabaki mtu wa kamba. Huyo ndiye anayeteremsha viroba vitupu, anavuta vilivyojaa mawe, na jioni anawavuta watu. Wa chini anaongea naye kwa kuitikisa kamba tu, kwa sababu sauti kule inafika imeshakuwa ngurumo.

Sheria nyingi pale machimboni zilikuwa zinavunjwa kila siku, kuanzia ya pombe, lakini moja sikuwahi kuona mtu akiichezea. Ukitaka kuiacha kamba, hata kwa kwenda haja tu, unainama kwenye mdomo wa duara unaita chini: naiacha, anashika fulani. Unasubiri mpaka wa chini aitikie. Ndipo unaondoka. Sababu ni kwamba kila mkono una mazoea yake, na mtu aliye chini ana haki ya kujua yuko mikononi mwa nani.

Baba alikuwa amepoteza sikio moja kwa baruti, na alikuwa na ishara zake. Kwa watu wengine mitikisiko mitatu mifupi ilimaanisha teremsha kiroba kingine. Kwa baba ilimaanisha nitoe haraka. Tulikubaliana hivyo mimi na yeye tangu nilipomaliza kidato cha nne na kuanza kushika kamba yake, na kwa kuwa karibu kila siku aliyeshika ni mimi, hatukuona haja ya kumwambia mtu mwingine.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Siku hiyo saa nne asubuhi nilipigiwa simu na jamaa wa studio pale Kalangalala, Geita mjini. Mteja wake hakutokea, akaniambia nikifika upesi atanipa saa moja ya bure. Nilikuwa nimemsumbua kwa miezi. Baba alikuwa chini. Nilijua nikiita atakataa, maana kwake yeye muziki ulikuwa kazi ya watu walioshiba, na kama nilitaka kuimba alisema nikaimbe shambani kama vijana wa zamani, jembe mkononi. Basi sikuita. Mwenzetu mmoja wa makamo alikuwa amekaa pembeni anakunywa uji, nikampa kamba, nikamwambia shika kidogo, nikapanda bodaboda.

Huko studio nilirekodi wimbo wa kujisifu. Nilikuwa nachana kuhusu gari ambalo sijawahi hata kuligusa mlango.

Yaliyotokea nyuma yangu aliniambia yule mtu wa uji. Matimba ya upande mmoja yalianza kulia. Baba akatikisa kamba mara tatu. Wa juu akateremsha kiroba kitupu. Baba akatikisa tena mara tatu, na kiroba cha pili kikashuka. Hakukuwa na mara ya tatu. Walimtoa kesho yake mchana, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliochimba. Tukiwa tunachimba nilimvuta yule mtu pembeni nikamwomba asiseme. Kwa watu wote, pamoja na mama, nilisema nilikuwa nimeenda kuchota maji. Waliniamini, au mimi niliona wameniamini.

Miaka minane baadaye nilikuwa Kahama, nakata nywele kwenye saluni iliyo njia ya kwenda Buzwagi na kuandika mistari pale wateja wanapokuwa wachache. Albamu ina nyimbo nane. Katika wimbo wa tano nimeweka yote: simu, uji, saa ya bure, mitikisiko mitatu, viroba viwili. Niliurekodi mara moja tu bila kurudia. Nilijiambia kwamba sasa nimetubu. Hesabu yangu ilikuwa ya mwoga kamili: mama hasikilizi rap. Ana kiredio kidogo cha nyimbo za kwaya na matangazo ya vifo. Nikaona nitaungama mbele ya nchi nzima, na mtu mmoja aliyestahili kuungamiwa hatasikia kitu.

Baada ya yule bwana wa sitiari wakaja wengine, na kila mmoja alikuwa na kisu chake. Mmoja aliandika kwamba siku hizi wasanii wachanga wanavaa huzuni kama walivyokuwa wanavaa mikufu, na kwamba kisa changu cha kamba kimepangwa vizuri mno kuwa cha kweli. Mwingine akasema sauti yangu ina lafudhi nzito ya Kisukuma, ila akasema hivyo kama sifa, kama mtu anayesifia mbuzi mnadani. Watangazaji niliowapelekea nyimbo walinijibu kwamba albamu haichezeki, je, sina hata moja ya harusi? Kijana mmoja wa Geita aliniandikia kwamba nawaaibisha, kwamba mji unakua, una lami na mabenki, na mimi nawaimbia matanga.

Babu yangu alikuwa mtunzi katika kundi la ngoma, miaka ile makundi yanashindana baada ya mavuno. Nilisimuliwa kwamba hukumu ya siku zile ilitolewa kwa miguu. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na watu wakichoka na wewe wanakuacha na filimbi yako wanahamia upande wa pili. Hakuna aliyekueleza ulichokuwa unamaanisha. Naionea wivu hukumu ile.

Lakini mkosoaji mmoja alinipata. Yule mtu wa uji sasa ni mzee, anafanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na vijana wa pale walimpigia wimbo kwenye simu. Alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake mashine inanguruma. Alisema, "Nimesikiliza mpaka mwisho. Umesema vizuri, ila hukusema kwamba uliniomba ninyamaze. Hapo umeniacha mimi peke yangu na kamba."

Wiki ile ile nikaitwa redioni Shinyanga. Ilikuwa kipindi cha asubuhi, na redio hiyo inasikika Kanda ya Ziwa karibu yote. Nilipanda basi la alfajiri nimevaa shati la kuazima, kana kwamba redio ina macho. Mtangazaji alikuwa mchangamfu, mtu wa kucheka kabla ya kusema. Tukazungumzia Kahama, tukazungumzia saluni, akapiga nusu ya wimbo wa tano. Kisha akashusha sauti ya muziki, akaniuliza.

"Sasa tuambie wasikilizaji wajue. Hii ya kamba ilitokea kweli? Wewe ndiye uliyemwacha mzee chini, au ni usanii?"

Nataka kusema kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Ulimi ulishajibu kabla yangu, kwa sababu ulikuwa umefanya mazoezi kwa miaka minane.

"Hapana, ni usanii tu," nikasema. "Baba alifariki kwa ajali, mimi nilikuwa nimeenda kuchota maji. Kamba pale ni sitiari."

Nililitumia neno la yule bwana wa Dar es Salaam, neno ambalo nilikuwa nimelicheka stendi nikiwa na karanga mkononi. Mtangazaji akacheka, akasema nilikuwa nimewatisha, akaweka tangazo la mbolea. Nilitoka pale nikijiambia kwamba nimemlinda mama. Nilijiambia hivyo hadi nusu ya njia, kisha nikashindwa kuendelea kujidanganya, nikapitiliza Kahama kwenye basi la Geita bila kushuka.

Nilifika nyumbani alasiri. Ulikuwa msimu wa kukausha viazi, na mama alikuwa amekaa kwenye kigoda uani anakata michembe, vipande vyembamba vya viazi vitamu anavianika juu ya turubai. Redio yake ilikuwa dirishani, imezimwa. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Jogoo alipita mbele yangu akiburuta kitambaa kilichofungwa mguuni.

Nikamuuliza mbona jogoo amefungwa kitambaa. Akasema alikuwa amemfunga chini ya meza tangu Jumapili, ila leo asubuhi amemfungua na uvivu wa kukitoa kitambaa umemshika. Alikata kiazi kingine. Kisha akanieleza, kwa sauti ile ile ya kuzungumzia viazi. Mtu wa uji alikuja kwake siku ya tatu ya matanga, akapiga magoti, akamwambia kila kitu, pamoja na ombi langu. Mama alijua miaka yote minane. Hakuniuliza kwa sababu jambo lilikuwa langu kulisema, na alitaka niliseme mwenyewe. Alinisubiri nikiwa bado naishi pale, akanisubiri nilipohamia Kahama, kila sikukuu nilipokuja alipika na kusubiri. Halafu Jumapili iliyopita binti wa jirani akamletea wimbo kwenye simu.

"Niliusikia wote," mama akasema. "Nikasema, ng'wanone, mwanangu, sasa ameanza kuja. Nikamfunga jogoo nikuchinjie ukifika. Leo asubuhi nikafungua redio, nikakusikia Shinyanga."

Kisu chake hakikusimama. Mimi nilikuwa bado nimesimama na begi begani. Nilisikia aibu ambayo hakuna mkosoaji angeweza kunipa, hata angeandika kurasa mia. Wote wale walikuwa wamebishana kama ni kweli au si kweli, na mama yangu aliyejua kwamba ni kweli alikuwa ameamini wimbo wangu, akaniandalia kitoweo, mpaka mimi mwenyewe nilipokwenda kumwambia asiamini.

Nikakaa chini, kwenye vumbi. Nikasema mama, nitakwambia sasa. Nikaanza. Nikasema simu iliita saa nne, jua halijafika kati. Nikasema uji ulikuwa kikombeni, kamba ilikuwa mkononi. Nilisikia maneno yakitoka yamepangana, pumzi ikienda pale pale ilipokwenda studio, hata mkono wangu wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka. Nilijaribu kuyavunja yakakataa. Miaka miwili ya kuandika albamu niliyachonga mpaka hakukuwa na mengine.

Mama akaweka kisu chini.

"Usiimbe, baba," akasema. "Sema."

Nikafungua mdomo. Neno la kwanza likaja na mdundo wake, nikaliacha. Kivuli cha nyumba kilipofika kwenye turubai, mama akainuka kuanua viazi. Nikamsaidia kukunja. Usiku huo tulikula ugali na mlenda, na jogoo alilala juu ya banda na kitambaa chake.

Nimekwenda tena mara nne tangu siku hiyo. Ananipokea, ananipikia, anauliza habari za saluni, hajalitaja tena. Nami kila mara nafika na sentensi nilizoziandaa njiani, na kila mara zikifika mlangoni zinakuwa zimeshapata mdundo. Yule bwana wa Dar es Salaam ameiweka albamu yangu katika orodha yake ya mwaka, akaisifia kwa ukweli wake. Nilicheka peke yangu saluni mpaka mteja akageuka na mkasi bado uko kichwani kwake.

Ndiyo maana nimeandika hivi, bila vina, nikifuta kila mstari uliotaka kucheza. Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Niliiacha, sikuita chini. Nilimwomba mtu aninyamazie. Nimeyasoma mara nyingi, na naona yamekuwa maneno ya kawaida, yanayoweza kusemwa uani mtu akikata viazi.

Mama hajui kusoma. Hata haya itabidi niende nikamwambie kwa mdomo.